Mrejesho wa banda letu la mpira Temeke, na ule ubishi wa nani anaibeba timu: bosi, ofisi au wachezaji

Nyota nne kati ya tano. Mwaka jana ningewapa moja, na hiyo moja ingekua ya mama wa mihogo pale nje, sio yao.

Banda lenyewe liko Temeke ndani ndani, jina silitaji sababu kuna mambo nitayasema humu sio mazuri na bosi mwenye banda nakutana nae msikitini kila Ijumaa, sitaki mambo ya kuangaliana kwa jicho la pembeni kwenye safu. Anaelijua atalijua tu. Ukishuka kwenye daladala unafuata harufu ya mihogo ya kukaanga, ukianza kusikia kelele umefika. Kiingilio mia tano mechi za kawaida, buku siku ya derby na fainali za UEFA, watoto wa shule mechi za usiku hawaingii na kweli wanarudishwa, nimeshuhudia kwa macho yangu mtoto analia getini na jezi yake ya Arsenal.

Kabla sijafika kwenye skrini na spika na choo (choo tutafika, msiwe na haraka) inabidi niwape historia kidogo maana bila hiyo hamtaelewa kwanini natoa nyota nne kwa banda ambalo mvua ikinyesha inabidi ujue kona ya kukaa.

Nimeanza kwenda pale kama 2016 hivi. Kipindi hicho hakuna cha projekta wala nini, TV mbili za inchi 43 zimetundikwa kwenye fremu ya mbao, mabenchi hayana egemeo, feni moja ambayo iligoma kugeuka kwahiyo upepo wanapata haohao watu sita wa mbele kulia. Na bado lilikua linajaa mpaka watu wanachungulia dirishani. Siri ilikua mtu mmoja tu, msimamizi. Jamaa mfupi, mkimya, haongei na mtu, muda wote ana kaunta buku kwapani. Kwenye hilo daftari kulikua na kila kitu, kifurushi kinaisha lini na amepigia mstari siku tatu kabla sio siku yenyewe, petroli ya jenereta imebaki lita ngapi, mechi ipi TV ipi, nani anadaiwa. Siku moja nilichungulia nikakuta ameandika "Jpili Arsenal TV ya kushoto. Spurs kulia. Wasikae pamoja". Nilicheka sana ila fikirieni, kuna mtu amekaa chini na kalamu akawaza watu watagombana wapi kabla hawajagombana.

2021 hivi jamaa akaondoka, akaenda Mbagala kufungua kibanda chake cha miamala ya simu. Na daftari akaondoka nalo, la kwake bana. Bosi hakuona kama ni pengo, yeye akaona ndio muda wa kuboresha biashara. Akashusha projekta, turubai jeupe ukuta mzima, spika mbili kubwa kama kabati la nguo, viti vya plastiki vyekundu, rangi mpya, kiingilio buku kila mechi. Alafu akamuweka mpwa wake asimamie.

Yaani hela ilitumika pale, simsingizii. Ila sasa kifurushi kinakata dakika ya 30 watu wameshalipa, mpwa anaanza kupiga simu kwa mjomba. Umeme ukikatika jenereta lipo, petroli haipo. Spika zinavuma mpaka mtangazaji unamsikia kama anaongea ndani ya pipa. Na bosi mwenyewe ndio akawa anakuja sasa maana amewekeza. Anaingia, anachukua rimoti mkononi kwa mpwa, anahamisha anachotaka. Kuna siku tupo dakika ya 80 na kitu, mechi ya UEFA imebana hakuna anaepumua, bosi kaingia na wageni wake wawili kahamisha kwenye mechi ya Simba. Marudio! Mechi ya jana yake ambayo wote tumeshaiangalia palepale. Watu tukatazamana, mmoja mmoja tukaanza kuinuka. Mimi nikahamia banda lingine ng'ambo ya barabara mwaka mzima na nusu.

Nimerudi mwezi wa tatu mwaka huu baada ya kusikia mpwa ameondolewa na aliepewa kazi ni yule dada wa getini, aliekua anakata tiketi tangu enzi za jamaa mfupi. Dada huyu hajui ofsaidi ni nini. Aliniambia mwenyewe "kaka mi mpira wala siupendi, mi napenda hesabu zikae sawa". Vitu alivyofanya ni viwili vya kuonekana, kwanza amenunua kaunta buku, pili rimoti ameifunga kamba ya katani kwenye mguu wa meza yake pale getini. Kamba fupi, haifiki hata benchi la kwanza. Bosi akija siku hizi anaomba kama sisi, na hua anakataliwa kistaarabu, "bosi subiri mapumziko."

Sasa nije kwenye siku yenyewe ambayo imenifanya niandike. Jumapili, Manchester United wanacheza, na nani sitaki hata kusema, wameshafungwa moja tayari. Umeme ukakata. Giza totoro, watu kama themanini humo ndani, tochi za simu zikaanza kuwaka moja moja. Na kama ilivyo kawaida kwenye giza ndio watu wanapata ujasiri wa kusema ya moyoni. Dogo mmoja bodaboda, jezi ya United imepauka mpaka jina la mgongoni halisomeki, akasema kwa uchungu kabisa, "hii timu tatizo ni wamiliki, wale Glazer ndio wametuua."

Basi hapo ndio moto ulipowaka.

Mzee wa kahawa (Yanga wa kufa na kuzikwa, anauza kahawa na kashata mlangoni tangu banda halijaezekwa) akamjibu taratibu huku anamimina. Mdogo wangu, hao Glazer wameinunua timu mwaka gani? 2005. Na hela ya kununulia si walikopa deni wakalibandika juu ya klabu yenyewe, watu wakaandamana? Ndio. Haya, baada ya hapo mmebeba ubingwa wa ligi mara ngapi? Dogo akaanza kuhesabu kwa vidole, 2007, 2008, 2009, 2011, 2013. Tano. Na UEFA ya 2008 kule Moscow juu yake. Mzee akamwambia kwahiyo wamiliki walewale, deni lilelile, makombe matano ya ligi ndani ya miaka minane, alafu tangu 2013 mpaka leo hamna hata moja. Mwenye nyumba hajabadilika, sasa kilichobadilika nini?

"Ferguson" watu wakaitikia kama wako kwenye maulidi.

Na ni kweli lakini mimi naona wengi hua tunaishia hapo na kuna kitu tunakiacha. Mwaka huohuo 2013 hakuondoka kocha Ferguson peke yake, aliondoka na David Gill, mtendaji mkuu, yule aliekua anakaa ofisini anamalizana na mawakala na anasimama katikati ya kocha na wamiliki. Mwaka mmoja unampoteza mwenye jicho na mwenye kalamu. Ofisi akaachiwa Woodward, mtu wa benki, ambae ndie alieshiriki kuwapangia kina Glazer mpango wa kuinunua klabu. Mtu wa hela safi kabisa, wadhamini alileta mpaka wa tambi na matairi. Ila dirisha lake la kwanza mchezaji mkubwa aliesajiliwa ni Fellaini, dakika za lala salama, pauni milioni 27 na kitu. Mwaka uliofuata Di Maria karibu pauni milioni 60, msimu mmoja kaondoka. 2016 Pogba pauni milioni 89, kijana ambae klabu hiyohiyo ilimuacha aende Juventus 2012 kwa vijisenti, na 2022 akaondoka tena bure. Mtu huyohuyo kamtoka mara mbili mwenye duka mmoja! Hiyo ndio projekta bila petroli wakuu, nilivyosikia ule ubishi akili yangu ilikua inaenda kwa mpwa wa bosi tu.

Makocha nao msiwasahau, Moyes, Van Gaal, Mourinho, Solskjaer, Rangnick, Ten Hag, Amorim, hao sio makocha wabovu wote jamani, Mourinho huyo ana UEFA mbili na timu mbili tofauti. Msimu wa 2024/25 wakamaliza nafasi ya 15. Ya kumi na tano! Dogo wa bodaboda alikua ameinamisha kichwa kabisa, mtu akamuwekea tochi usoni akaambiwa aache uonevu.

Hapo akaingilia mwalimu. Anafundisha hesabu shule ya msingi, Simba, hua anakaa nyuma na karanga zake. Yeye msimamo wake ni mmoja tangu namjua, mpira ni wachezaji, mengine yote ni porojo za redioni. Akatoa mfano wa kiungo Kanté na hapo hata mimi nilikaa kimya maana mfano ule ni mgumu. Leicester 2015/16 bingwa wa England, kampuni za kubeti walikua wamewapa 5000 kwa moja, Kanté yupo kati. Chelsea msimu huohuo nafasi ya 10. Kanté akahama kwenda Chelsea, msimu uliofuata Chelsea bingwa, Leicester wa 12, na kocha wao Ranieri kafukuzwa mwezi wa pili kombe hata vumbi halijashika. Mmiliki wa Leicester alikua yuleyule Mthai, kocha yuleyule mpaka Februari, Vardy yupo, Mahrez yupo. Katoka mtu mmoja mfupi anaetabasamu. "Elezeni hiyo" mwalimu akasema, akatafuna karanga.

Mzee wa kahawa akauliza nani alimuona Kanté kule Caen, Ufaransa. Mwalimu anajua, Steve Walsh, mkuu wa skauti, ndie aliesimamia pia kumtoa Mahrez Le Havre kwa kama pauni laki nne, hela ndogo kabisa kwa mpira wa England. Basi mzee akaona kashinda. Mwalimu akamgeuzia, haya huyo Walsh nae alihama 2016 akaenda Everton, kachota wangapi kule? Kimya. Maana Everton haikuenda popote, na 2018 akaondolewa. Kwahiyo jicho peke yake nalo linahitaji nyumba ya kuliweka. Hapa mimi naona hakuna aliemfunga mwenzake, na nilipenda hivyo, ubishi mzuri ni ule ambao mtu anatoka hana uhakika na alichoingia nacho.

Jenereta likawaka. Dakika nne, nilihesabu. Enzi za mpwa hizo dakika nne alikua bado anatafuta namba ya mjomba kwenye simu. Ila cha ajabu picha imerudi na watu hawaangalii, wameshageukia Simba na Yanga, na hapo ndio unajua uko Temeke.

Hoja ya wamiliki iliibuliwa na kijana mmoja fundi simu. Akasema bila hela za bosi mnaongea nini, Yanga ilipoondokewa na tajiri wake Manji 2017 si ilitembeza bakuli? Na kweli ilitembeza, mashabiki tulichanga kwa simu (mimi pia nilituma elfu tano, niliambiwa na mke wangu maneno ambayo sitayaandika). Msimu wa 2018/19 chini ya kocha Zahera wachezaji wanadai mishahara na bado tukamaliza wa pili. Hapo watu wa kocha wakashangilia. Fundi simu akawaambia wa pili ndio, sio wa kwanza, wa kwanza alikua Simba mwenye tajiri Mo Dewji nyuma yake, bilioni 20 kwa asilimia 49, na ubingwa wakabeba minne mfululizo toka 2018 mpaka 2021. Kampuni ya GSM ilipoingia Jangwani, kwa Yanga, kwa nguvu ndio ubingwa ukarudi 2021/22, tena bila kupoteza mechi hata moja.

Nikamuuliza swali moja tu, na Azam?

Maana hapa ndio hoja ya bosi mwenye hela inapokwama miguu yote. Bakhresa mwenye Azam ni kati ya matajiri wakubwa wa nchi hii, timu ina uwanja wake Chamazi, ina hosteli, mishahara haijawahi kua stori ya magazetini, na mpaka televisheni inayoonesha ligi ni ya nyumba hiyohiyo, mkataba wa 2021 wa bilioni 225 kwa miaka kumi. Kwa hesabu ya fundi simu Azam ilitakiwa iwe na makombe ya kuweka mlango usifungwe na upepo. Lakini tangu wapande ligi kuu 2008 mpaka mwisho wa msimu wa 2024/25 ubingwa wa ligi ni mmoja, ule wa 2013/14 na kocha Omog, nao bila kufungwa. Mmoja. Na Mtibwa, timu ya kiwanda cha sukari kule Turiani, waliubeba 1999 wakarudia 2000, mzee wa kahawa alivyowakumbusha vijana walidhani anatania.

Sasa mwalimu akasema kwa Simba mimi nawaonesha ni wachezaji, Agosti 2021 wameuzwa Chama na Miquissone kwa mpigo, mmoja Berkane ya Morocco mmoja Al Ahly ya Misri, na utawala wa Simba ukaishia palepale. Hii nayo ngumu kuipinga. Miquissone yule ndie aliewafunga Al Ahly hapa Dar Februari mwaka huohuo, Waarabu wakaona dawa ya jini ni kumbeba. Lakini geuza upande wa pili uangalie Yanga, mshambuliaji Mayele kafunga magoli 17 ya ligi, katupeleka fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika 2023 tukaikosa kwa goli la ugenini tu, kaondoka kwenda Pyramids. Fei Toto kaondoka kwenda Azam. Nabi kocha kaondoka. Kipindi hichohicho! Mtu yeyote angesema Yanga imekufa. Tarehe 5 Novemba mwaka huohuo, Gamondi kocha mgeni, Aziz Ki, Pacome, Maxi, tukaipiga Simba tano moja. (Mwalimu hapa alisema anaenda kununua maji.) Na ubingwa tukabeba. Alafu msimu uliofuata, 2024/25, Gamondi kafukuzwa Novemba, kaja Ramovic, miezi michache tu kakimbilia Algeria, kaja Hamdi, makocha watatu msimu mmoja, ubingwa umebaki Jangwani, derby ya mwisho Juni 2-0.

Kwahiyo kama sio mchezaji mmoja na sio kocha mmoja, kuna kitu kimekaa pale kisichohama. Mimi nasema ni ofisi. Ile meza ambayo kabla Mayele hajaondoka ilishajua nani anafuata, ambayo GSM anaweka hela lakini kuna mtu kama Injinia Hersi, aliechaguliwa rais wa Yanga 2022, anaeamini usajili ni kazi ya mwaka mzima na sio ya wiki ya mwisho ya dirisha. Najua mtasema naongea kwa Uyanga, haya tusafiri twende Brighton ambako sina undugu.

Brighton mmiliki wake Tony Bloom ni mtu wa kubeti. Sikuzushi, utajiri wake umetokana na kubeti kwa hesabu na data, na Benham wa Brentford ni hivyohivyo. Nilivyosema hivi wale vijana wa mikeka kwenye kona wakaamka wote, mmoja akapiga saluti kabisa, "tunaonekana wajinga kumbe tunasomea umiliki". Sasa angalia kilichotokea 2022/23. Chelsea mpya ya kina Boehly, wameinunua klabu pauni bilioni 2 na nusu, wakaenda Brighton wakambeba beki Cucurella, msimu umeanza wakambeba na kocha Potter na benchi lake la ufundi. Kama mtu ananunua sufuria, mwiko na mpishi ili apate pilau ya jirani. Oktoba wakaenda kucheza huko Brighton, wakapigwa nne moja. Mwisho wa msimu Brighton wa 6, mara ya kwanza kwenye historia yao wanaenda Ulaya, Chelsea wa 12. Wakarudi tena wakambeba kiungo Caicedo, zaidi ya pauni milioni 100 mtu alienunuliwa kwa kama milioni 4 na kitu. Waliweza kununua kila kilichopo kwenye daftari, daftari lenyewe haliuzwi.

Na kwa haki Chelsea baadae wameokota, 2025 wamebeba Kombe la Dunia la Klabu, kwahiyo sio kwamba hela haifanyi kitu. Manchester City walinunuliwa na Abu Dhabi 2008, hela ilianza kumwagika siku ileile ya kwanza, ila angalieni 2012 walipoenda kuwachukua viongozi wa ofisi, Soriano na Begiristain, waliotokea Barcelona. Miaka minne kabla ya Guardiola! Walimjengea mtu jiko kabla hajakubali kuja kupika. Na Katumbi kule Lubumbashi, Mazembe yake ilibeba Afrika 2009, 2010 na 2015, ikaingia fainali ya Klabu Bingwa Dunia 2010 ikiwa timu ya kwanza ya Afrika kufika, na huko ndiko Samatta wetu alikokua mtu. Bosi anaejua anachotafuta ni baraka kubwa.

PSG niliiacha makusudi mwisho sababu iliwavuruga wote. Waqatar wameinunua 2011, Neymar 2017 kwa yuro milioni 222, Messi 2021, Mbappé yupo, watatu kwa pamoja misimu miwili na UEFA hawakuigusa. Wote watatu wakaondoka. Mei 31 mwaka 2025 kule Munich wakaifunga Inter tano bila, kijana Doué wa miaka 19 anafunga mawili. Mwalimu akadai Doué nae si kipaji? Ni kipaji, tena alinunuliwa hela nyingi, sikatai hata kidogo. Timu ya wazembe haichukui UEFA hata ikipewa ofisi ya malaika. Nachosema mimi ni kwamba kocha Luis Enrique hakua na mtu wa kuombwa akabe, na hiyo haikuamuliwa uwanjani, iliamuliwa na waliokubali kuacha kununua majina ya jezi.

Mzee wa kahawa ndie alienikwamisha, na kwa kweli mpaka leo sina jibu zuri. Aliniambia sawa mwanangu, ofisi, ofisi, na hiyo ofisi anaichagua nani? Si bosi? Yule msimamizi mfupi hapa aliajiriwa na nani? Bosi huyuhuyu. Na mpwa aliwekwa na nani? Bosi huyuhuyu. Na dada? Nikacheka tu. Abramovich wa Chelsea ya zamani alikua anakosea kuchagua kocha kila mwaka lakini alikua anakiri haraka, akifukuza katikati ya msimu anabeba kombe Mei, Di Matteo 2012 na Tuchel 2021 wote walikuta msimu katikati. Kina Glazer wao ni wa pole pole sana kukiri. Bosi wetu ilimchukua zaidi ya miaka miwili kumtoa mpwa, na nasikia mpaka dada yake alinuna.

Haya sasa banda lenyewe kwa wanaotaka kwenda.

Picha ni nzuri, projekta imefungwa sawa na kuna mtu anafuta kioo chake, ila mechi za mchana kuna mwanga unaingia upande wa choo kwahiyo kaa katikati. TV mbili za zamani zimebaki pembeni kwa mechi nyingine, hili ni zuri sana jumamosi saa kumi na moja. Sauti imepunguzwa, spika moja tu inafanya kazi na hiyo moja inatosha. Kinachokera ni picha kuchelewa, vijana wa mikeka wanaona goli kwenye simu kabla yetu na wanashangilia, dada amebandika karatasi ukutani ANAETANGULIA GOLI ANATOKA NJE, na kuna jamaa alitolewa kweli, akarudishiwa mia tano yake mkononi.

Mihogo mia mia, kachumbari bure, pilipili ile muwe waangalifu. Kahawa ya mzee haina mpinzani. Maji baridi yapo. Viti vya plastiki vimepungua, vingi vimevunjika miguu, mabenchi yamerudi, beba hata kanga ya kukalia kama mechi ina dakika thelathini za nyongeza. Feni sasa ni tatu. Kuchaji simu mia tatu. Bati upande wa kushoto nyuma linavuja, dada anasema liko kwenye bajeti ya mwezi ujao na sina sababu ya kumbishia.

Choo ndio nyota niliyoipunguza. Ni kimoja, mlango haufungi, unashikilia kwa mkono mmoja. Wakati wa mapumziko foleni inafika kwa mama wa mihogo. Dada nimemwambia, kaandika.

United walifungwa mbili. Wakati natoka nikamuuliza dada jumatano ratiba ikoje, akafungua daftari, akateremsha kidole kwenye ukurasa, akasimama kwenye jina langu, "kaka kuna mia tano ya Alhamisi ulisema hauna chenji." Nikalipa. Akakata mstari, ndio akanitajia ratiba.